Oili ya injini yenye tabo: kulinganisha 0W-20, 5W-30, 5W-40 na zilizo nzito zaidi

Makopo mawili ya oili yanaweza kuandikwa 5W-30 kwa tarakimu kubwa zilezile, yakamiminwa katika injini mbili za aina moja, na bado injini moja ikapata oili yenye mnato (yaani ugumu wa kutiririka) mkubwa kwa kiasi cha moja ya tano kuliko nyingine pale ambapo joto na msuguano ni vikali zaidi. Kwa injini isiyo na tabo, tofauti hiyo huweza kupita miaka mingi bila kuonekana. Kwa injini yenye tabo ni jambo la kuangaliwa kabla ya kununua, na ndiyo sababu ulinganisho huu hauanzi na swali la kama oili nyepesi ni bora kuliko nzito, bali unaanza na kipimo ambacho mara nyingi hakiandikwi mbele ya kopo kabisa.

Tabo, kifaa kinachoisukumia injini hewa ya ziada, huzungushwa na moshi wa eksozi, ambao katika injini ya petroli inayofanya kazi ngumu hufika nyuzi 950 na kupita. Shafti yake huzunguka zaidi ya mara 150,000 kwa dakika, na katika tabo ndogo za injini ndogo hupita 200,000. Katika tabo nyingi shafti hiyo haikalii gololi. Inaelea juu ya oili ndani ya bushi zenye mwanya wa sehemu chache tu za mia za milimita, na oili hiyohiyo inayoibeba ndiyo inayoondoa joto linalotambaa kutoka upande wa eksozi. Oili ina kazi mbili hapo, na kazi hizo zinavutana: ili ibebe shafti inahitaji mnato wa kutosha, na ili ipoze inahitaji kutiririka kwa wingi na kufika mapema. Mjadala wote wa namba za kwenye kopo unatokana na mvutano huu.

Namba hizo zinapima nini

Madaraja ya mnato yamewekwa katika kiwango kiitwacho SAE J300, cha SAE, chama cha wahandisi wa magari cha Marekani. Namba iliyo mbele ya herufi W inahusu baridi peke yake. Oili ya 0W hupimwa kama itairuhusu injini izunguke na starta katika nyuzi 35 chini ya sifuri, ya 5W katika nyuzi 30 chini ya sifuri, ya 10W katika 25, ya 15W katika 20, na ya 20W katika 15 chini ya sifuri. Namba ya baada ya W inahusu oili iliyopata moto, na inapimwa kwa njia mbili. Njia ya kwanza ni mnato wa oili inayotiririka kwa uzito wake yenyewe katika nyuzi 100. Ya pili ndiyo muhimu zaidi kwa tabo: ni mnato wa oili ikiwa katika nyuzi 150 huku ikikatwakatwa kwa kasi kubwa sana kati ya vyuma viwili, hali inayofanana na ile ya ndani ya beringi. Kipimo hiki cha pili huitwa HTHS na huandikwa kwa milipaskali-sekunde.

| Daraja | Mnato katika nyuzi 100 (sentistoki) | HTHS ya chini inayoruhusiwa |
|---|---|---|
| 20 | 6.9 hadi chini ya 9.3 | 2.6 |
| 30 | 9.3 hadi chini ya 12.5 | 2.9 |
| 40 (0W, 5W, 10W) | 12.5 hadi chini ya 16.3 | 3.5 |
| 40 (15W, 20W) | 12.5 hadi chini ya 16.3 | 3.7 |
| 50 | 16.3 hadi chini ya 21.9 | 3.7 |

Jedwali linaonyesha jambo ambalo mazungumzo mengi ya gereji hulipita: SAE inaweka kiwango cha chini cha HTHS na haiweki cha juu. Oili ya daraja la 30 inaweza kuwa na HTHS ya 2.9 au ya 3.5 na zote zikaandikwa 30 kwa haki kabisa.

Lipo pia kosa linalohusu namba ya kwanza. Wapo wanaodhani kwamba 0W-40 ni nyepesi mno kwa mahali penye joto, kwa sababu ya ile sifuri. Ikishapata moto, 0W-40 na 10W-40 ziko katika daraja moja. Kinyume chake, hata 0W-20 iliyolala usiku katika nyuzi 20 huwa nzito zaidi ya mara kumi kuliko itakavyokuwa injini ikishapata joto lake la kazi, kwa hiyo hakuna oili iliyo nyepesi mno wakati wa kuwasha. Faida ya W ndogo mahali pasipo na barafu ni ya kiasi, lakini ipo, hasa kwa tabo, ambayo iko mwisho wa bomba jembamba na hungoja oili baada ya injini kuwaka. Faida nyingine si ya moja kwa moja: ni vigumu kutengeneza 0W au 5W kwa mafuta mazito ya kawaida yasiyosafishwa vizuri, hivyo namba hiyo ndogo mara nyingi ni dalili kwamba msingi wa oili ni sintetiki au uko karibu nayo.

0W-20 na 5W-30

Injini nyingi mpya za petroli zenye tabo zimeundwa kwa mojawapo ya madaraja haya mawili. Injini ya Honda ya lita 1.5 yenye tabo imepangiwa 0W-20, ilhali ile ya Subaru ya lita 2.0 iliyokuwa katika WRX kabla ya modeli ya 2022 imepangiwa 5W-30. Zote mbili zina tabo na zote hupuliza petroli moja kwa moja ndani ya silinda. Mfano huu unatosha kuonyesha kwamba hakuna daraja moja linaloweza kuitwa oili ya tabo. Mianya ya beringi, pampu, kipoza oili na hata vifaa vinavyobadili muda wa valvu vimepangwa kwa pamoja na oili fulani.

Ubora wa 0W-20 ni kwamba hufika haraka, hupunguza msuguano, na huokoa mafuta kwa kiasi ambacho ni asilimia chache tu. Ni lazima kusema wazi kwamba akiba hiyo ni sehemu kubwa ya sababu ya daraja hili kuenea, kwa kuwa watengenezaji hubanwa na kanuni za matumizi ya mafuta. Ndiyo maana kitabu cha injini ileile huweza kutaja 0W-20 peke yake katika soko moja, na katika soko jingine kikatoa jedwali lenye 0W-20, 5W-30 na wakati mwingine hata zilizo nzito zaidi, kila moja na kiwango chake cha joto la hewa. Mwenye gari lililotoka nchi nyingine anapaswa kulitafuta jedwali hilo kabla ya kuamini kibandiko kilicho kwenye kifuniko cha oili.

Udhaifu wa 0W-20 ni akiba ndogo ya mnato. Gari linalokwenda kwa utaratibu na oili yake ikabaki karibu na nyuzi 95 halitaona tatizo. Gari hilohilo likivuta tela kwenye mlima mrefu, oili ikafika nyuzi 120, linabakiwa na utando mwembamba sana, na hapo 5W-30 ina nafasi zaidi ya kuvumilia. Kama kitabu kinaruhusu zote mbili na gari hubeba mzigo au huendeshwa kwa nguvu, ningechagua 5W-30 bila kusita. Kama kitabu kinataja 0W-20 tu, injini bado iko katika dhamana na matumizi ni ya kawaida, sioni sababu ya kuiacha.

5W-30 mbili zisizofanana

Hapa ndipo wengi hukosea, kwa hiyo pastahili nafasi. Viwango vya ACEA, chama cha watengenezaji magari wa Ulaya, hugawanya oili kwa HTHS. Oili ya A5/B5 ina HTHS isiyopungua 2.9 na isiyozidi 3.5, ile ya A3/B4 na ya C3 haipungui 3.5. Zote zinaweza kuwa 5W-30. Kibali cha Volkswagen cha 504 00 kwa petroli na 507 00 kwa dizeli hudai HTHS ya 3.5 au zaidi, na oili zake nyingi ni 5W-30, wakati kibali cha baadaye cha 508 00 na 509 00 ni cha 0W-20 yenye HTHS ya chini zaidi, tena hakikubaliki katika injini za zamani ambazo hazikuundwa kwa ajili yake.

Maana yake ni kwamba injini ya tabo iliyoagizwa 5W-30 ya C3, ikitiwa 5W-30 ya A5/B5, imepewa oili nyepesi kuliko iliyokusudiwa ingawa namba za mbele zinalingana. Fundi atasema ametia oili sahihi, na kopo litamuunga mkono. Jawabu liko nyuma ya kopo, katika maandishi madogo: msimbo wa kibali cha mtengenezaji ulinganishwe na ule wa kitabu, herufi kwa herufi. Kauli kama “inafaa kwa magari yanayohitaji” kibali fulani si sawa na kuwa nacho. Ni madai ya muuzaji wa oili mwenyewe.

Herufi C pia zina maana kwa wenye dizeli. Oili za kundi la C, kama C3, huacha majivu machache zinapoungua, na majivu ndiyo huziba chujio la masizi kwenye eksozi bila kuweza kuchomwa tena. Kumtilia mwenye chujio hilo oili ya A3/B4 kwa sababu tu ni nzito vya kutosha ni kuihifadhi tabo na kuliua chujio.

5W-40 na 0W-40

Kwa injini za tabo za Ulaya za kizazi kilichotangulia, hili ndilo daraja lililozoeleka, na bado linatajwa kwa magari mengi yenye nguvu. HTHS yake haipungui 3.5, na oili ya 40 iliyopanda hadi nyuzi 110 hubaki na mnato unaokaribiana na wa daraja la 30 likiwa katika nyuzi 100. Kwa lugha nyepesi, kupanda daraja moja hununua takriban nyuzi kumi za ziada kabla utando haujawa mwembamba kiasi kilekile. Kwa anayeendesha katika joto kali, milimani au na mzigo, hiyo ni faida ya kweli.

Kati ya 0W-40 na 5W-40, tofauti huonekana kwenye baridi ya barafu, na mahali pasipo na barafu ni ndogo. Upana mkubwa kati ya namba mbili kwa kawaida hutegemea viongezi vya mnato, ambavyo hukatika kadiri oili inavyosagwa, na oili duni ya 40 inaweza kujikuta katika daraja la 30 kabla ya muda wa kuibadili kufika. Oili nzuri ya sintetiki hupunguza tatizo hilo. Penye joto la mwaka mzima, mimi ningechukua 5W-40 yenye kibali kinachotakiwa na kuiacha 0W-40 kwa wenye asubuhi za barafu, isipokuwa mtengenezaji ameitaja 0W-40 kwa jina.

Je, injini iliyoundwa kwa 5W-30 ipandishwe hadi 5W-40? Inawezekana pale ambapo kitabu kinaruhusu, au injini imekwisha kutembea sana na inapunguza oili kati ya sevisi. Haifai kufanywa kwa hofu tu. Pampu husukuma kiasi kilekile cha oili mpaka presha ifike kikomo chake, kisha valvu ya usalama hufunguka na kuirudisha oili ya ziada kwenye sampu, yaani bakuli la oili chini ya injini. Oili nzito huifungua valvu hiyo mapema, hasa injini ikiwa bado ya baridi, kwa hiyo geji inaonyesha presha ya kupendeza huku oili inayofika kwenye tabo ikiwa ndogo. Presha kwenye geji haipimi mtiririko.

10W-40, 15W-40 na 20W-50

Hizi nitazipita haraka. Daraja la 15W-40 linafaa sana kwa injini za dizeli za zamani zenye tabo na mianya mikubwa, zinazobeba mizigo, na HTHS yake ya 3.7 ni ya kuheshimika. Kwa petroli ya kisasa ya tabo, 10W-40 nyingi za sokoni ni za msingi wa nusu sintetiki na hazina vibali vinavyotakiwa. Daraja la 20W-50 si la tabo ndogo ya kisasa. Huchelewa kufika, hupunguza mtiririko, na katika injini yenye valvu zinazobadilishwa muda kwa presha ya oili huweza kusababisha taa ya injini kuwaka. Wanaolitia ili kuzuia moshi wa buluu huwa wanaufunika ugonjwa wa sili au ringi kwa muda mfupi.

Mambo ambayo mnato hauyatatui

Petroli inayopulizwa moja kwa moja ndani ya silinda huacha sehemu yake kwenye kuta, ikapita kwenye ringi na kuingia katika oili, hasa katika safari fupi ambazo oili haipati joto la kuivukiza. Vuta kijiti cha kupimia asubuhi: kama kiwango kimepanda juu ya alama ya mwisho na tone linanuka petroli unapolisugua kati ya vidole, oili hiyo imekwisha kupoteza mnato, na 5W-30 ya kwenye lebo inaweza kuwa inafanya kazi kama daraja la 20. Mwaka 2018 tatizo la aina hii lililazimisha magari ya Honda CR-V yenye injini ya lita 1.5 kuitwa kurekebishwa nchini China, ambako lilionekana zaidi katika maeneo ya baridi. Kwa mwenye safari fupi za kila siku, kufupisha muda wa kubadili oili kuna faida kubwa kuliko kupanda daraja.

Jambo la pili ni mlipuko wa mapema ndani ya silinda injini inapokanyagwa kwa nguvu ikiwa na mizunguko michache. Matone ya oili na petroli huwaka kabla ya cheche, na pigo lake huweza kuvunja pistoni. Viongezi vya kalsiamu katika oili huchochea hali hiyo, na ndiyo sababu API, taasisi ya petroli ya Marekani inayoweka madaraja ya ubora wa oili, ilileta SN Plus mwaka 2018 kisha SP mwaka 2020, zenye majaribio mahususi ya tatizo hili. Kwa hiyo 5W-30 ya SL au SM, madaraja ya API ya zamani zaidi, iliyokaa stoo, hata kama mnato wake ni sahihi kabisa, si oili ya kutia katika injini mpya ya petroli yenye tabo inayopuliza mafuta ndani ya silinda.

La tatu ni kuungua kwa oili ndani ya tabo yenyewe. Injini ikizimwa ghafla baada ya mlima, mtiririko hukoma papo hapo huku nyumba ya eksozi ikiwa bado inatoa joto kali, na oili iliyobaki ndani hugeuka kaboni. Ukifungua boliti ya bomba linalopeleka oili kwenye tabo iliyokufa kwa namna hii, utaona tundu ambalo lilikuwa na upana wa kupitisha kijiti cha kiberiti limebaki na njia ya sindano, na ukuta wake umefunikwa na ganda jeusi gumu linalovunjika kama mkaa. Tabo mpya ikifungwa kwenye bomba hilo bila kulibadili, itakufa kwa kiu hata ikipewa oili bora kuliko zote. Katika kulinganisha oili, kipimo cha kutazama hapa ni kile cha uvukizi kiitwacho Noack, ambacho hupasha oili joto la nyuzi 250 kwa saa moja na kupima kilichopotea: A3/B4 na C3 zinaruhusu hadi asilimia 13, wakati GF-6, kiwango cha ILSAC, kamati ya viwango vya oili, kinachoambatana na API SP kinaruhusu hadi 15.

Namna ya kuamua

Anza na msimbo wa kibali ulio katika kitabu cha gari, kwa sababu huo ndani yake unabeba HTHS, majivu na viongezi kwa pamoja. Baada ya hapo ndipo daraja la mnato lichaguliwe ndani ya yale yanayoruhusiwa: lililo jepesi kwa baridi ya barafu na mwendo wa kawaida, lililo zito kwa mzigo, milima na joto la kudumu. Injini zenye mkanda unaozunguka ndani ya oili, kama EcoBoost ya Ford ya lita 1.0 ya matoleo ya awali, zisichezewe hata kidogo, kwa kuwa oili isiyo na kibali chake huweza kuula mkanda huo, na vipande vyake vikaziba chujio la pampu na kuinyima tabo oili.

Ukibadili daraja, kwa kilomita 1,000 za mwanzo pima kiwango kila baada ya kilomita 500, injini ikiwa imepoa na gari likiwa kwenye sakafu iliyolingana. Sikiliza sekunde za kwanza baada ya kuwasha: kelele ya chuma inayodumu kuliko zamani ni dalili kwamba oili inachelewa kufika. Kiwango kinachoshuka pamoja na moshi wa buluu baada ya gari kushuka mlima na kukanyagwa tena kinaelekeza kwenye sili za valvu, ringi au sili za tabo, na hapo bomba la hewa linalotoka kwenye tabo lifunguliwe na lichunguzwe kama lina oili ndani kabla ya kununua kopo jingine.